UZI: Kulinganisha uwekezaji wenye hatari kwa kanuni ya "utawala karibu": epsiloni inavyokokotolewa na inavyopotosha

#1 – Mzani_Sawa

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani swali la "hisa au hatifungani" linarudi kila wiki, na kila mara mjadala unakwama palepale. Mmoja anashika wastani wa faida, mwingine anashika kuyumba kwa bei, kisha kila mtu anabaki na lake. Kanuni ya wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha matokeo yanavyoyumba kutoka kwenye wastani), ile ya mchumi Markowitz ya 1952, hapo haisaidii. Chenye wastani mkubwa kikiwa pia na mchepuko mkubwa, inanyamaza.

Inanyamaza hata pale ambapo jibu liko wazi. Tuseme kwa bei moja unapewa X au Y. X inalipa 10,000 bila shaka yoyote. Y inalipa 1,000,000 kwa uwezekano wa asilimia 99, na sifuri kwa asilimia 1. Wastani wa Y ni 990,000, lakini mchepuko wake sanifu ni kama 99,500 na wa X ni sifuri. Kwa Markowitz hakuna mshindi.

Tuje kwenye utawala wa stokastiki, yaani kulinganisha matokeo yote pamoja na uwezekano wake, si wastani tu. Chora mgawanyo limbikizi wa kila uwekezaji, yaani kwa kila kiasi t, uwezekano wa kupata t au pungufu. Mstari ulio chini ndio mzuri. A inaitawala B kwa daraja la kwanza ikiwa mstari wa A haupandi juu ya wa B popote pale, na hapo yeyote anayependa fedha nyingi kuliko chache atachukua A. Daraja la pili linalinganisha maeneo yanayolimbikizwa chini ya mistari hiyo kuanzia kushoto, na linawahusu wanaochukia hatari. Misingi hii iliwekwa 1969 na Hadar na Russell, na mwaka huohuo Hanoch na Levy.

Kwa X na Y, daraja zote mbili zinakataa kutoa mshindi. Sababu ni moja tu: Y ina sifuri upande wa kushoto, X haina. Kanuni inamwekea nafasi mtu ambaye kwake kila shilingi inayozidi 10,000 haina thamani hata kidogo. Mtu huyo yupo kwenye hesabu. Mwekezaji wa namna hiyo sijui utamkuta wapi.

Moshe Leshno na Haim Levy walilitatua hilo 2002 kwa kanuni ya "utawala karibu". Badala ya kuuliza "je, mistari inakatana?", uliza "inakatana kwa kiasi gani?" Pima eneo ambalo mshindi mtarajiwa yuko vibaya (eneo baya), pima ambalo yuko vizuri (eneo zuri), kisha:

epsiloni = eneo baya ÷ (eneo baya + eneo zuri)

Kwa Y dhidi ya X:
Eneo baya: 0.01 × 10,000 = 100
Eneo zuri: 0.99 × 990,000 = 980,100
Epsiloni: 100 ÷ 980,200 = 0.0001

Hakikisha kila mara kwamba eneo zuri ukitoa eneo baya unapata tofauti ya wastani. Hapa 980,100 − 100 = 980,000, na 990,000 − 10,000 = 980,000. Zisipolingana, kuna kosa mahali, usiendelee.

Maana yake kwa mwekezaji ni hii. Gawanya eneo zuri kwa eneo baya: 9,801. Kila mtu ambaye thamani ya shilingi moja ya nyongeza kwake, anapokuwa na dhiki kuliko zote, haizidi mara 9,801 ya thamani hiyo anapokuwa na neema kuliko zote, atachagua Y. Uwiano huo ndio roho ya kanuni nzima. Epsiloni ni namna nyingine tu ya kuuandika.

#2 – Namba_Kwanza

Mkuu Mzani, shukrani. Nina faida za miaka 10 za kapu la hisa na za hatifungani. Sina fomula ya mgawanyo, nina orodha tu ya asilimia. Eneo nalipimaje? Na epsiloni ikiwa ngapi ndipo niseme "hii inaitawala ile"?

#3 – Mzani_Sawa

Ukiwa na idadi sawa ya miaka pande zote mbili, kazi ni nyepesi. Panga kila orodha kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha toa moja kwa moja: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Namba hizi ni za kufundishia, si za kampuni wala mfuko wowote:

Hisa: −12, −4, 3, 8, 12, 15, 19, 24, 30, 41 (wastani 13.6)
Hatifungani: 9, 9, 10, 10, 11, 11, 11, 12, 12, 13 (wastani 10.8)
Tofauti: −21, −13, −7, −2, +1, +4, +8, +12, +18, +28

Hasi zikijumlishwa ni 43, chanya ni 71. Epsiloni = 43 ÷ 114 = 0.377. Uhakiki: 71 − 43 = 28, na 136 − 108 = 28. Sawa.

Kwenye Excel, faida za hisa ziwe A2:A11, za hatifungani B2:B11. Seli C2 andika =SMALL(A$2:A$11,ROW(A1)) na D2 =SMALL(B$2:B$11,ROW(A1)), buruta hadi mstari wa 11. E2 ni =C2-D2, nayo buruta. Kisha epsiloni:

=-SUMIF(E2:E11,"<0")/SUMPRODUCT(ABS(E2:E11))

Kama kompyuta yako imewekwa lugha inayotumia mkato kwa desimali, tenganisha kwa nukta mkato badala ya mkato, la sivyo italeta kosa.

Kuhusu kiwango: kinachotajwa sana ni asilimia 5.9 kwa daraja la kwanza. Asilimia 37.7 iko mbali mno. Uwiano wa 71 kwa 43 ni 1.65 tu. Kwa mwaka mmoja mmoja, kwa namba hizi, huwezi kusema hisa zinaitawala hatifungani. Na kinyume chake pia hakiwezekani: epsiloni ya upande wa pili ni 1 − 0.377 = 0.623, nayo haitakiwi kufika 0.5. Mwenye wastani mdogo hawezi kamwe kushinda kwa kanuni hii.

#4 – Binti_Takwimu

Naongeza mambo matatu ambayo huharibu hesabu ya post #3 bila mtu kujua.

La kwanza, idadi zisipolingana (tuseme miaka 10 ya hisa na 14 ya hatifungani) usikate miaka ili zilingane. Kusanya thamani zote 24 kwenye safu moja (tuseme G), zipange, na kwa kila thamani t hesabu sehemu ya kila orodha iliyo sawa na t au chini yake: =COUNTIF(A$2:A$11,"<="&G2)/COUNT(A$2:A$11), na vivyo hivyo kwa B. Toa moja kwa nyingine, zidisha kwa umbali hadi thamani inayofuata, ndipo ujumlishe hasi na chanya. Hata hivyo, miaka isiyolingana ina tatizo lake la kiuchumi: kama ile minne ya ziada ilikuwa ya mfumuko mkubwa wa bei, unalinganisha nyakati mbili tofauti.

La pili, usitumie faida za logi (logi ya mtaji wa mwisho ukigawanywa kwa wa mwanzo). Utawala kamili wa daraja la kwanza haubadiliki ukigeuza kipimo kwa namna yoyote inayohifadhi mpangilio, kwa hiyo watu hudhani epsiloni nayo haibadiliki. Inabadilika! Chukua hisa inayoleta +40 au −10 kwa nusu kwa nusu, dhidi ya asilimia 8 ya uhakika. Kwa faida za kawaida eneo baya ni 0.5 × 0.18 = 0.09, zuri 0.5 × 0.32 = 0.16, epsiloni 0.36. Kwa logi za 0.90, 1.08 na 1.40 epsiloni inakuwa 0.413. Uwekezaji ni uleule, jibu limebadilika. Tumia fedha utakayokuwa nayo mwishoni, maana ndiyo utakayoitumia.

La tatu linawahusu wanaochanganya. Ukitaka kupima kapu la asilimia 30 hisa na 70 hatifungani, changanya kwanza mwaka kwa mwaka kwa mpangilio wa kalenda, ndipo upange kuanzia ndogo. Ukipanga kwanza halafu ukachanganya, umelazimisha mwaka mbaya wa hisa ukutane na mwaka mbaya wa hatifungani kila mara, na faida yote ya kutawanya mtaji imepotea kabla hujaanza.

#5 – Kipimo_Kando

Hiyo asilimia 5.9 isichukuliwe kama sheria. Ilitoka kwenye majaribio ya Levy, Leshno na Leibovitch yaliyochapishwa 2010: watu walipewa chaguo za fedha, na watafiti wakatafuta ukiukaji mkubwa kabisa ambao washiriki wote waliuvumilia. Kwa daraja la kwanza walipata asilimia 5.9, kwa daraja la pili 3.2.

Geuza 0.059 kuwa uwiano: 0.941 ÷ 0.059 = karibu 16. Basi swali la kujiuliza ni hili: je, shilingi moja nikiwa kwenye hali mbaya kuliko zote za uwekezaji huu ina thamani zaidi ya mara 16 ya shilingi moja nikiwa kwenye hali bora? Kwa mtu anayeweka sehemu ndogo ya mali yake, huenda isizidi. Kwa mtu aliyeweka fedha za matibabu au ada ya mtoto, mara 16 ni ndogo sana. Kiwango kinategemea fedha hiyo ni sehemu gani ya maisha yako, kwa hiyo namba moja haiwezi kuwafaa watu wote.

#6 – Upeo_wa_Miaka

Mnapima mwaka mmoja, lakini nani ananunua hisa za mwaka mmoja? Leshno na Levy wenyewe walionyesha kwamba muda ukirefuka, epsiloni ya hisa dhidi ya hatifungani inashuka. Nimechukua mfano wa Binti (+40 au −10 nusu kwa nusu, kila mwaka ukijitegemea, dhidi ya asilimia 8 ya uhakika) nikaurefusha. Kila kitu ni kwa mtaji wa 1, bila kutoa wala kuongeza:

Mwaka 1: eneo baya 0.090, zuri 0.160, epsiloni 0.360
Miaka 5: baya 0.126, zuri 0.668, epsiloni 0.159
Miaka 10: baya 0.199, zuri 2.085, epsiloni 0.087
Miaka 15: baya 0.283, zuri 5.248, epsiloni 0.051

Mwaka wa 15 tuko chini ya 0.059. Kwa kijana wa miaka 30 anayeweka akiba ya uzeeni, kanuni inasema hisa.

Anayetaka kurudia: kwa miaka n, matokeo ni 0.9 kwa kipeo (n − k) mara 1.4 kwa kipeo k, na uzito wake ni idadi ya namna za kuchagua k kati ya n, gawanya kwa 2 kwa kipeo n. Dhidi ya kiasi cha uhakika, eneo baya ni wastani wa upungufu na eneo zuri ni wastani wa ziada. Hakiki kwa 1.15 kwa kipeo n kutoa 1.08 kwa kipeo n.

#7 – Kipimo_Kando

Ndugu Upeo, hesabu yako ni sahihi, nimeirudia yote. Ila tazama safu ya eneo baya. Haishuki, inapanda: 0.090, 0.126, 0.199, 0.283. Kilichoshusha epsiloni ni eneo zuri kuvimba, yaani yale matokeo ya mbali kulia ambapo hisa zinapanda karibu kila mwaka.

Weka mtaji wa 1,000,000 kwa miaka 15. Hatifungani inakupa 3,172,169. Uwezekano wa hisa kuishia chini ya hapo bado ni asilimia 30.4. Ukiangukia humo, kwa wastani unapungukiwa kama 932,000. Mtu akikuambia "epsiloni ni asilimia 5" ukasikia "nafasi ya kushindwa ni asilimia 5", umepotoshwa vibaya. Nimeshaona watu wakilisoma hivyo, na ndiyo sababu nalisisitiza.

Kuna jambo zito zaidi. Chukua mwekezaji ambaye mali yake ikiongezeka maradufu, thamani ya shilingi ya nyongeza kwake hugawanyika kwa 8 (kipeo cha kuchukia hatari ni 3, si cha ajabu hata kidogo). Kwake tunalinganisha wastani wa 1 ÷ mraba wa matokeo, na mdogo ndio bora. Hisa: nusu ya (0.5102 + 1.2346) = 0.8724. Hatifungani: 1 ÷ 1.1664 = 0.8573. Anachukua hatifungani. Kwake hisa hizi zina thamani sawa na asilimia 7.1 ya uhakika, na mbele yake kuna 8.

Kwa miaka 15 je? Miaka ikijitegemea, unazidisha 0.8724 yenyewe mara 15 na 0.8573 yenyewe mara 15. Mpangilio haubadiliki, leo wala baada ya miaka 40. Hoja hii ni ya mchumi Samuelson tangu 1963, na Merton na Samuelson waliirudia 1974. Epsiloni imeshuka hadi 0.051 na mtu huyu hajasogea hata hatua moja.

#8 – Upeo_wa_Miaka

Nakubali hesabu hiyo. Lakini inakuwaje? Kanuni inasema wote walio ndani ya kundi la epsiloni watachagua hisa, na huyo ni mtu wa kawaida kabisa.

#9 – Mzani_Sawa

Kwa sababu hayumo kwenye kundi. Miaka 15 inapanua uwanja. Matokeo mabaya kabisa ni 0.206 na bora kabisa ni 155.6, uwiano wa mara 756. Kwa mtu wa Kipimo, thamani ya shilingi kwenye ncha ya chini ni mara 756 kwa kipeo cha 3 ya ile ya juu, zaidi ya mara milioni 400. Epsiloni ya 0.051 inawasemea tu wenye uwiano usiozidi 18.5.

Hata mpole zaidi, yule ambaye mali ikiongezeka maradufu thamani inagawanyika kwa 2 tu, ana uwiano wa 756, naye yuko nje. Yeye atachagua hisa, ila si kwa sababu kanuni imemwambia. Kuwa nje ya kundi hakumaanishi utakataa, kunamaanisha kanuni haikusemei.

Kwa hiyo, wakuu, muda ukirefuka kundi linalosemewa na 0.059 linakuwa dogo kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kipimo kilekile cha mara 16 kinatandazwa kwenye uwanja mpana zaidi. Kwa mwaka mmoja uwanja ni 0.90 hadi 1.40, na hata mtu wa kipeo cha 3 ana uwiano wa mara 3.8 tu, yumo ndani bila wasiwasi. Ndiyo maana naiamini epsiloni ya mwaka mmoja au mitatu kuliko ya miaka 30. Na kile kiwango cha majaribio kilipatikana kwa chaguo za mezani, kukipeleka moja kwa moja kwenye mali ya miongo mitatu ni kuruka hatua.

Kuna sharti jingine limejificha kwenye jedwali la Upeo: hakuna kutoa fedha katikati. Ukitoa ada kila Januari, matokeo ya mwisho hayatoki tena kwa kuzidisha tu. Mwaka wa −10 ukija mapema unauza vipande vingi zaidi kupata ada ileile, na eneo baya linakua. Hapo lazima uigize mtiririko wote, mwaka kwa mwaka, pamoja na kiasi unachotoa.

#10 – Namba_Kwanza

Naomba daraja la pili kwa data ya post #3. Mimi ni mwoga wa hatari, nadhani ndilo linalonihusu. Nimejaribu kwenye chati, nimepata 0.245. Niko sawa?

#11 – Binti_Takwimu

Hapana, ndugu. Jibu ni 0.668, na najua 0.245 yako imetoka wapi.

Kwanza, fasili. Ile ya daraja la pili iliyotolewa 2002 ilikuwa na kasoro: Tzeng, Huang na Shih walionyesha 2013 kwamba mtu wa ndani ya kundi lililokusudiwa anaweza bado kumpendelea aliyeshindwa. Marekebisho yao ni kupima eneo kati ya mistari iliyolimbikizwa mara ya pili, na kudai kwamba wastani wa mshindi usiwe mdogo kuliko wa mwenzake.

Kwa data ya Mzani, kwa kila t jumlisha upungufu wa kila mwaka ulio chini ya t, kwa hisa na kwa hatifungani, kisha toa. Kwa t = 9: hisa 21 + 13 + 6 + 1 = 41, hatifungani 0, tofauti 41. Ukiendelea hivyo:

t: −12, −4, 3, 8, 9, 10, 11, 12, 13, 15, 19, 24, 30, 41
tofauti: 0, 8, 22, 37, 41, 43, 43, 40, 36, 26, 10, −5, −17, −28

Chanya ni eneo ambalo hisa ziko vibaya. Kati ya nukta na nukta mstari umenyooka, kwa hiyo tumia trapeza (wastani wa tofauti za nukta mbili zinazofuatana mara umbali kati yake), na pale unapokata sifuri (kati ya 19 na 24, kwenye 22.33) gawa pembetatu mbili. Baya: 638.67. Zuri: 317.67. Epsiloni: 638.67 ÷ 956.33 = 0.668. Hakuna utawala.

Sasa kosa lako. Baada ya 41, ambayo ni thamani kubwa kuliko zote, tofauti inabaki −28 milele. Chati yako iliendelea hadi 100, sivyo? Umeongeza 59 × 28 = 1,652 kwenye eneo zuri, na 638.67 ÷ 2,608.33 ni 0.245 yako. Ukiivuta hadi 1,000 utapata namba nzuri zaidi tena, yote ya uongo. Daraja la kwanza halina mtego huu kwa sababu mistari ikifika 1 tofauti ni sifuri. Daraja la pili lazima ukome kwenye thamani kubwa kabisa ya data zote mbili.

Na ile asilimia 3.2 ya 2010 ilipimwa kabla ya marekebisho ya 2013. Usiichukue ukaiweka kando ya epsiloni ya fasili mpya kana kwamba ni kipimo kimoja.

#12 – Kaunta_Tulivu

Hesabu zimekaa vizuri, ila data zenyewe zikiwa mbovu epsiloni itakuwa mbovu vilevile. Kwa wanaofuata DSE na NSE (masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi):

Bei peke yake si faida. Ongeza gawio, baada ya kodi (Dar es Salaam kampuni iliyoorodheshwa hukata zuio la asilimia 5, Nairobi mkazi naye asilimia 5), rekebisha hisa za bonasi na mgawanyo wa hisa, kisha toa ada za dalali kununua na kuuza. Kampuni ikigawa hisa moja kuwa kumi na wewe hukurekebisha, utaona mwaka wa −90 ambao haukutokea, na mwaka mmoja wa namna hiyo unatosha kuharibu eneo baya lote.

Kaunta (hisa ya kampuni moja sokoni) isiyofanya biashara kila siku hubaki na bei ya zamani. Kwa data za wiki au mwezi inaonekana tulivu kuliko ilivyo, ncha ya kushoto inakatwa, epsiloni inashuka kwa uongo. Dawa ni kutumia vipindi virefu zaidi, robo mwaka au mwaka, na kuacha kaunta ambazo huwezi kuziuza kwa bei iliyoandikwa.

Hatifungani nayo ina hali mbili. Ukiishikilia hadi iive, unapata kuponi (malipo ya riba) na mtaji wako. Ukiiuza katikati, bei inategemea riba ya soko siku hiyo, na riba ikiwa imepanda unauza kwa hasara. Watu wengi huandika kuponi tu kama faida ya kila mwaka, na hapo hatifungani inaonekana haina hatari yoyote. Kama muda wako ni miaka 3 na hatifungani ni ya miaka 20, lazima uweke bei ya kuuzia. Vinginevyo linganisha hisa na kitu kinachoiva kwa muda wako, mfano dhamana ya hazina ya siku 364 kwa anayepima mwaka mmoja.

Halafu mfumuko wa bei. Ukiuondoa, uondoe pande zote mbili kwa mwaka uleule, kabla ya kupanga kuanzia ndogo. Anayepima fedha za dola dhidi ya shilingi naye ageuze zote ziwe sarafu atakayoitumia.

#13 – Kipimo_Kando

Nakazia moja kuhusu ukubwa wa sampuli. Kwenye data ya post #3 badilisha mwaka mmoja tu, −12 iwe −30. Hasi zinakuwa 61, chanya zinabaki 71, epsiloni inatoka 0.377 hadi 0.462. Mwaka mmoja! Kwa data 10, kuandika epsiloni kwa desimali tatu ni kujidanganya.

#14 – Binti_Takwimu

Ndiyo, na njia ya kuliona hilo ni kuchota upya. Hatua ninazozipendekeza kwa data za miezi 120:

Weka faida za hisa na hatifungani za mwezi mmoja kwenye mstari mmoja, zisitenganishwe. Chota vipande vya miezi 6 mfululizo kwa bahati nasibu, kila kipande kikirudishwa kundini, hadi upate miezi 120. Usichote mwezi mmoja mmoja, maana miezi mibaya huja ikifuatana, na ukiitawanya unapunguza hatari ya kweli. Gawa miezi hiyo katika mafungu ya miezi 12, na kwa kila fungu zidisha (1 + faida) za miezi yake kisha toa 1, upate faida za mwaka, kokotoa epsiloni, iandike. Rudia mara 2,000. Panga hizo epsiloni 2,000, soma ya 100 na ya 1,900.

Zote mbili zikiwa chini ya kiwango ulichokiweka kabla ya kuanza, sema kuna utawala karibu. Zote zikiwa juu, sema hakuna. Kiwango kikiangukia katikati, data haijatosha kuamua, na hilo ndilo utakaloliona mara nyingi kwa soko lenye historia fupi. Jaribu pia vipande vya miezi 3 na 12: jibu likigeuka, liandike hivyo.

#15 – Namba_Kwanza

Nimeelewa, dada Binti, na wakuu wote. Nikiandika matokeo yangu humu, niweke nini ili mtu mwingine aweze kuyahakiki?

#16 – Mzani_Sawa

Weka eneo baya na eneo zuri, kila moja peke yake, si epsiloni tu. Taja muda uliopimwa, sarafu, kama kodi, ada na mfumuko vimeondolewa, na matokeo madogo kabisa na makubwa kabisa. Taja daraja na fasili uliyotumia, na kwa daraja la pili ulikomea thamani gani upande wa kulia. Kando yake weka uwezekano wa kupitwa na wastani wa upungufu unapopitwa, kama alivyofanya Kipimo kwenye #7. Data ghafi ibandike kwa mpangilio wa kalenda, si iliyopangwa kuanzia ndogo, ili anayetaka kujaribu mchanganyiko wake aweze.